Sola Juu ya Nyumba ya Urithi: Ugomvi Ni wa Nini Hasa?

Hapa tumezoea kuongelea wivu, mahari, mawifi na wakwe wasioridhika. Mwezi huu naomba twende juu kidogo, mpaka kwenye paa la nyumba. Usicheke! Siku hizi kuna ndugu wamenuniana, majirani wamepelekana mbele ya kamati, na mke na mume wanalala mzungu wa nne, na chanzo cha yote ni paneli za sola.

Kwenye nyumba ya kawaida mambo ni rahisi. Una hela, unaita fundi, anapanda, anafunga, unawasha taa. Lakini nyumba ikiwa kwenye mtaa wa kale unaolindwa na sheria, hapo paa linakuwa na wenyewe wengi. Kuna anayelala chini yake, kuna aliyezaliwa chini yake akahama, kuna jirani anayelitazama kila asubuhi akinywa chai, kuna Serikali, na kuna mtalii aliyesafiri saa kumi kuja kulipiga picha. Kila mmoja anasema "letu".

Sasa swali langu kwako ni hili. Mwenye sauti ni nani, anayeishi ndani ya nyumba au anayeitazama kutoka nje?

Urithi wa familia, urithi wa dunia

Nina shoga yangu tuliyesoma naye chuo. Anaishi Mji Mkongwe, Unguja, kwenye nyumba ya ghorofa mbili aliyoiacha marehemu baba yao. Anaishi na mama yake, ambaye ana kisukari na anachoma sindano za insulini. Wenye wagonjwa mnajua, dawa ile inataka ubaridi. Umeme ukikatika saa mbili si neno, ukikatika siku nzima mwenye mgonjwa halali. Anazunguka na kichupa cha dawa na vipande vya barafu kwenye chupa ya chai, anabisha milango ya wenye jenereta.

Na watu wa Unguja wana kumbukumbu mbaya na giza. Umeme wao unatoka Bara kwa kebo iliyolazwa chini ya bahari. Mwaka 2008 kisiwa kilikaa karibu mwezi mzima bila umeme. Desemba 2009 giza likarudi, na safari hiyo lilidumu miezi mitatu, mpaka Machi 2010. Hoteli zilifungwa, samaki walioza, visima vilikosa pampu. Mwaka 2013 ikazinduliwa kebo mpya ya megawati 100 na hali ikawa afadhali, ila aliyelala kwenye giza la miezi mitatu hasahau.

Basi mdogo wake wa kiume, anayefanya biashara Dar, akanunua paneli sita na betri, akazipakia kwenye boti pamoja na fundi. Nia yake njema kabisa, mama apate friji isiyozima. Fundi akapanda, akapima, akaanza kutoboa upande wa mbele wa paa, ule unaoelekea barabarani, kwa sababu ndio uliokuwa rahisi kufika.

Jirani wa nyumba ya pili akapiga picha. Picha ikaingia kwenye simu ya mtu, ikatoka, ikaingia kwenye kundi la WhatsApp la ukoo. Kaka mkubwa, anayeishi Muscat, akaiona akiwa kazini. Wee! Ujumbe wake ulikuwa wa mstari mmoja: "Nani kawapa ruhusa ya kutoboa nyumba ya baba?"

Dada akajibu, naye kwa mstari mmoja: "Mama ndiye anayelala humu, kaka."

Kuanzia hapo wiki tatu hawakuongea. Fundi akateremka, paneli zikaegeshwa ukumbini, zikafunikwa kanga.

Nimeisikiliza stori hii pande zote mbili, na ninachokwambia ni kwamba hakuna mkorofi ndani yake. Kaka anakumbuka walivyokuwa wanafuturu juu ya paa lile, na baba yao akiwaonyesha mwezi wa Idi. Kwake paa lile ni baba. Kwa dada, paa lile ni bili, uvujaji na friji ya mama. Wote wanaipenda nyumba moja, ila mmoja anaipenda kwa kumbukumbu, mwingine anaipenda kwa kuifagia.

Na juu ya ugomvi wa ndugu kuna mkubwa mwingine. Mji Mkongwe uliandikwa na UNESCO kwenye orodha ya urithi wa dunia mwaka 2000, na Lamu ikafuata mwaka 2001. Tangu 1985 Unguja ina mamlaka maalumu ya uhifadhi wa mji huo. Ukitaka kujenga, kubomoa au kubadilisha jengo ndani ya eneo hilo, lazima uombe kibali. Kwa hiyo hata ndugu wote wangekubaliana siku ile, fundi alikuwa bado hajafika mwisho wa foleni ya wanaopaswa kuulizwa.

Wenzetu nao waligombana

Usidhani haya ni mambo yetu tu ya uswahilini. Twende Washington, mji mkuu wa Marekani. Kule kuna mitaa ya makazi iliyotangazwa kuwa ya kihistoria, na mmojawapo unaitwa Takoma. Ukiishi hapo, mabadiliko yanayoonekana kutoka barabarani yanapitiwa na bodi ya jiji ya majengo ya kihistoria. Mwaka 2019 mwenye nyumba mmoja aliomba kuweka paneli upande wa mbele wa paa lake. Bodi ikamkubalia sehemu zisizoonekana, ikamkatalia upande wa mbele. Sababu yenyewe ilikuwa mwonekano wa mtaa.

Habari ile ilizua gumzo kubwa. Watu wakauliza, jiji hilohilo limepitisha sheria ya kuhamia kwenye umeme safi, linawezaje tena kumkatalia mwananchi anayeutaka juu ya nyumba yake mwenyewe? Wengine wakajibu kwamba mtaa ule una thamani kwa sababu kila mtu amekubali kujizuia kidogo, na ukimruhusu mmoja leo, kesho utamzuiaje wa pili? Baada ya mjadala huo bodi ikalegeza mwongozo wake wa sola kwenye nyumba za namna hiyo. Mkazo ukahamia kwenye namna ya kuweka, yaani paneli zilale karibu na paa, rangi zifanane na paa, zipangwe kwa unyoofu.

Sasa vuka bahari mpaka Cambridge, Uingereza. Hapo kuna kanisa la King's College. Jiwe la msingi liliwekwa mwaka 1446 na Mfalme Henry wa Sita, na ujenzi wa kuta na dari ulikamilika mwaka 1515. Ni miongoni mwa majengo yanayopigwa picha sana nchini humo. Chuo kikataka kuweka paneli za sola juu ya paa lake. Historic England, taasisi inayoishauri Serikali kuhusu majengo ya kale, ikapinga, ikisema paneli zitaharibu mwonekano wa jengo. Chuo nacho kikajibu kwamba kina wajibu kwa vizazi vijavyo kama kilivyo na wajibu kwa vilivyopita.

Februari 2023 kamati ya mipango miji ya Cambridge ikapitisha ombi hilo, na paneli 438 zikafungwa mwaka huohuo. Ukisimama chini kwenye majani huzioni vizuri, kwa sababu ukuta wa juu unazificha. Na kuna jambo moja ambalo watu wengi hawakuliona. Paa lenyewe la risasi lilikuwa limechakaa na lilikuwa linafanyiwa matengenezo makubwa. Kwa hiyo hakuna aliyetoboa paa zima kwa ajili ya sola. Walisubiri siku paa lilipokuwa linafunguliwa kwa sababu nyingine, wakafanya yote kwa pamoja.

Umeona tofauti ya kesi hii na ile ya shoga yangu? Cambridge waligombana sana, lakini waligombana juu ya michoro. Mtu anayegombana juu ya mchoro anaweza kuufuta na kuchora upya. Unguja waligombana baada ya drili kulia, na tundu la drili halifutiki.

Kila nchi na dawa yake

Nimejaribu kuangalia nchi nyingine zimelimalizaje jambo hili, maana ndilo linaloanza kutugusa na sisi.

Ufaransa wao wana msimamo mkali. Kwa kawaida, nyumba iliyo ndani ya mita 500 kutoka kwenye jengo la kihistoria linalolindwa inahitaji ridhaa ya mbunifu majengo wa Serikali kabla ya kubadilisha kinachoonekana nje. Akisema hapana, ni hapana, mpaka ukate rufaa.

Ujerumani wamegeuza mzigo. Tangu mwaka 2022 sheria yao ya nishati inasema uzalishaji wa umeme wa jua, upepo na mfano wa hayo ni jambo la manufaa makubwa ya umma. Maana yake ni kwamba ofisa wa majengo ya kale anaweza bado kukataa, ila sasa yeye ndiye anayetakiwa kuleta sababu nzito. Neno "sipendi sura yake" halitoshi tena.

London, manispaa ya Kensington na Chelsea, mwaka 2022 ilitoa ruhusa ya jumla kwa nyumba nyingi zilizoorodheshwa kuwa za kihistoria. Ukifuata masharti yaliyoandikwa, huna haja ya kuomba kibali kimoja kimoja. Masharti yanajulikana mapema, kila mtu anayasoma kabla ya kununua paneli.

Hata Vatican wanayo sola. Mwaka 2008 waliweka paneli 2,400 juu ya ukumbi wa Papa Paulo wa Sita. Ukumbi ule ni jengo la kisasa, lililozinduliwa mwaka 1971. Basilika la Mtakatifu Petro halikuguswa, na aliyesimama uwanjani hazioni. Walichagua paa lisiloumiza moyo wa mtu.

Na Pompeii, mji wa Italia uliofukiwa na majivu ya volkano mwaka 79, wamejaribu vigae vya sola vilivyotengenezwa vifanane na vigae vya udongo vya Warumi. Ukitazama unaona kigae, kumbe ndani kinazalisha umeme. Ni ghali kuliko paneli za kawaida, na sitegemei kukiona Kariakoo kesho kutwa, lakini kinaonyesha kwamba akili ikitulia njia inapatikana.

Anayekataa naye ana hoja

Wapenzi wa sola huwa tunamwona mhifadhi kama mtu wa kukwamisha maendeleo. Eti anapenda mawe kuliko watu. Nakuomba umsikilize kwanza, maana kwenye nyumba za pwani yetu hoja yake ya kwanza inahusu maji, na mambo ya sura yanafuata nyuma.

Nyumba ya Mji Mkongwe imejengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa, na sakafu zake zimebebwa na boriti. Kuta ni nene, zinapumua, na zikikaa kavu zinadumu miaka na miaka. Adui yao mkubwa ni mvua inayopenya juu. Maji yakiingia ukutani chokaa inalegea, boriti zinaoza kwenye ncha zilizoingia ukutani, na wewe uliye chini huoni kitu mpaka siku ya siku.

Kila mguu wa paneli ni tundu kwenye paa. Kila tundu lisilozibwa vizuri ni mlango wa maji. Paneli moja ya kawaida ina uzito wa kama kilo 20 hadi 25, na ukiweka sita au nane pamoja na vyuma vyake unafika kwenye kilo mia mbili. Hapo bado upepo. Kusi na kaskazi zikishika paneli iliyoinuliwa kama tanga, zinavuta paa zima. Na hewa ya chumvi inakula bolti za bei poa ndani ya miaka michache tu.

Msiba wa Beit el Ajaib tunaukumbuka wote. Tarehe 25 Desemba 2020 sehemu kubwa ya jumba lile iliporomoka likiwa kwenye ukarabati, na watu wawili wakapoteza maisha. Sola haikuhusika hata kidogo. Ninalitaja kwa sababu moja: majengo haya yana umri, na hayataki mtu wa kuyapanda kwa haraka na drili mkononi.

Ila jumba hilohilo lina funzo la upande wa pili. Lilijengwa mwaka 1883 enzi za Sultani Barghash, na ndilo linalotajwa kuwa jengo la kwanza Zanzibar kuwekwa umeme. Hata jina lake la maajabu watu wanalihusisha na taa zile na lifti yake. Kwa hiyo anayesema umeme wa kisasa hauendani na mji wa kale, aangalie vizuri. Mji huu ulipata heshima yake kwa kuwa wa kwanza kuleta mapya. Na ukipanda leo kwenye mgahawa wowote wa juu ya paa, unaona nini? Mabati, matangi ya maji ya plastiki, madishi, waya, viyoyozi. Paneli ya sola haikukuta paa lililo bikira.

Kwetu jua linapita utosini

Sasa nisikilize vizuri hapa, maana ndipo penye nafuu yetu.

Ulaya na Marekani jua linapita upande wa kusini mwaka mzima, na wakati wa baridi linakaa chini sana. Mapaa yao mengi yamesimama kama hema. Paneli ikitaka kuzaa vizuri inatakiwa iinuliwe na ielekezwe kusini. Mtaa ukiwa upande wa kusini wa nyumba yako, umekwisha. Paneli lazima ziangalie barabara, na barabara iziangalie. Ndiyo maana ugomvi wao ni mkali, wakati mwingine hakuna pa kuzificha bila kupoteza umeme mwingi.

Unguja iko karibu nyuzi sita tu kusini mwa ikweta. Mara mbili kwa mwaka jua linapita utosini kabisa, katikati ya mwaka linakaa kaskazini kidogo, mwisho wa mwaka kusini. Kwa hiyo paneli yako inaweza kulala karibu bapa, ikainuliwa nyuzi kumi hivi ili mvua iioshe vumbi, na ikazaa vizuri tu. Haina ulazima wa kuangalia barabara ya mtu. Inaweza kulala nyuma ya ukingo wa paa, juu ya banda la ngazi au juu ya jiko la nyuma. Cha kuangalia zaidi ni kivuli, maana nyumba za jirani zimebanana, na kivuli cha ukuta au tangi kikiangukia paneli umeme unashuka.

Na vichochoro vya Mji Mkongwe ni vyembamba. Aliye chini haoni paa lako hata akijipinda shingo. Wanaoliona ni jirani wa juu, mgeni wa mgahawa wa juu, na abiria wa boti anayeingia bandarini. Kwa hiyo kabla hujasema "litaonekana" au "halitaonekana", nenda kasimame mahali anaposimama yule anayelalamika. Panda kwake, omba kikombe cha kahawa, tazama kwako kutoka kwake. Utashangaa ulivyokuwa huijui nyumba yako.

Ndivyo ilivyokuwa kwa shoga yangu. Alipanda kwa yule jirani mpiga picha, mama mtu mzima aliyemjua tangu utoto. Kule juu akagundua kwamba upande ule wa mbele fundi aliokuwa anautoboa ndio pekee unaoonekana kutoka kila baraza. Nyuma, juu ya banda la ngazi, hapaonekani na mtu, na jua linapiga tangu saa tatu asubuhi. Jirani akamwambia, "Mwanangu, mimi sina neno na umeme wa mama yako. Ningeulizwa tu." Akaita fundi wa nyumba za kale kuangalia upande wa nyuma. Fundi akakuta boriti mbili zimeoza. Yaani wangepandisha paneli pale siku ile bila kukagua, tungekuwa tunaongea mengine.

Picha za boriti nazo zikaingia kwenye kundi la ukoo. Safari hii kaka hakuandika mstari mmoja. Alituma hela ya boriti. Mdogo wa Dar akalipia mchoro, na maombi ya kibali yakapelekwa. Nikiandika haya bado wanasubiri jibu, na paneli bado zipo ukumbini chini ya kanga. Kaka na dada nao bado hawajarudi kama zamani, salamu zinapitia kwa mama. Lakini zinapita.

Kabla fundi hajapanda

Kama una nyumba ya urithi, iwe Mji Mkongwe, Lamu, au hata nyumba ya babu kijijini yenye wenyewe kumi, haya ndiyo ninayokushauri.

Kwanza, uliza kabla ya kununua. Paneli zikishafika ukumbini, swali lako kwa ndugu linakuwa taarifa, na hakuna mtu mzima anayependa kupewa taarifa juu ya nyumba ya baba yake. Nyumba za miji hii nyingine ni za familia, nyingine za wakfu, nyingine za Serikali. Jua yako ni ipi na mwenye kusaini ni nani.

Pili, sema shida yako kwa jina lake. "Nataka sola" ni maneno ya ubishi. "Dawa ya mama inaharibika" ni maneno ambayo hata mwenye hasira atayasikiliza. Na wewe unayekataa, sema unachoogopa kupoteza. Kama ni kumbukumbu ya baba, sema. Usijifiche nyuma ya sheria usiyoijua.

Tatu, kagua paa kwanza. Boriti, bati, uvujaji. Kama kuna ukarabati unakuja, ngoja ufanye vyote pamoja kama wale wa Cambridge.

Nne, peleka mchoro kwenye mamlaka kabla fundi hajafungua begi. Onyesha paneli zitakaa wapi, zitafungwaje, na zitaondolewaje. Hilo la mwisho muhimu sana. Mhifadhi anatulia akijua kwamba siku paneli zitakapochoka, baada ya miaka ishirini na kitu, zitatoka na nyumba itabaki ilivyokuwa.

Tano, anza na kidogo. Friji moja, taa chache na feni havihitaji paa zima. Ukihesabu vizuri unaweza kukuta paneli mbili na betri nzuri zinatosha kulinda dawa ya mgonjwa, na paneli mbili zinapata pa kujificha kirahisi kuliko sita.

Na ninyi wenye mamlaka, pale mlipo, ombi langu ni dogo. Andikeni masharti ya sola yaeleweke, kwa Kiswahili chepesi, ukurasa mmoja, yabandikwe pale mwananchi anapolipia umeme. Mtu akijua mapema upande upi wa paa unaruhusiwa, hatanunua ugomvi kwa hela yake.

Nimeanza na swali la nani mwenye sauti, anayeishi ndani au anayeitazama nje. Jibu langu, na wewe una ruhusa ya kunipinga, ni kwamba anayeishi ndani ana haki ya kupata mwanga, na anayetazama nje ana haki ya kuulizwa. Nyumba ya urithi ikibaki bila mtu wa kuishi ndani itaanguka yenyewe, haitangoja sola. Na hakuna kijana atakayekubali kuishi gizani ili mimi na wewe tupate pa kupigia picha za harusi.

Je, kwenu nani anaamua mambo ya nyumba ya wazee? Aliye karibu, aliye mbali mwenye hela, au mkubwa kwa umri? Niandikie, majibu yenu tutayachapa toleo lijalo bila kutaja majina. Mpaka hapo, kaa salama, na kabla hujapandisha kitu juu ya paa, panda kwa jirani kwanza!